Mteja Asiyeandikwa

Kijana aliingia chumbani kwangu Jumamosi moja asubuhi, Novemba 2024, mvua za kwanza zikiwa zimegeuza barabara ya mbele ya kituo kuwa tope jekundu, akafunga mlango kabla sijamwambia afunge, kisha akabaki amesimama karibu na mizani ya watoto wachanga kana kwamba amemsindikiza mtu mwingine. Mimi ni muuguzi. Nina miaka 16 katika kazi hii, mingi kati yake katika kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi, Kongo, ambacho sitakitaja. Alisema bila kuzunguka kwamba usiku wa Ijumaa alikuwa na mteja, kondomu ikapasuka, na sasa anataka dawa za siku 28, zile za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hatari. Alijua kwamba dawa hizo ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na alijua kwamba atapimwa damu kwanza. Ni wagonjwa wachache wanaonijia wakiwa wamejiandaa kiasi hicho.

Nikavuta fomu. Fomu yetu imeandikwa kwa Kifaransa, na pale inapomtaja mtu anayeuza ngono, neno lenyewe limewekwa katika hali ya kike, kwa maana aliyeichapisha hakufikiria kwamba mwanamume naye anaweza kuuza. Nikamwuliza kama mteja wake alikuwa mwanamume. Kwa maneno yake swali hilo halina ubaya, lakini nilikuwa nimeshaweka kalamu chini, na naamini uso wangu ulikuwa umeshasema yote kabla ya mdomo. Akajibu, "Ndiyo, mama." Hapo nikaongeza swali ambalo hakuna fomu inayoliuliza: "Kwa hiyo na wewe ni wa hao?" Akasema anatoka kidogo kununua muda wa maongezi wa simu, na siku ile hakurudi.

Alirudi Jumapili jioni, saa 41 hivi baada ya tukio, akitembea nyuma ya mwanamke ambaye nilikuwa nikimfahamu kwa miaka mingi. Mwanamke huyo namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa amenizidi umri kwa miaka sita. Amezalia watoto watatu katika kituo chetu, na kila miezi mitatu huja kupima bila kukumbushwa. Anaishi Kamalondo, hapahapa mjini, na kazi yake inajulikana na kila muuguzi wa zamu ya usiku. Hakunisalimia kama kawaida yake. Alimwonyesha kijana kiti, akasubiri nimalize kumpima na kumhesabia vidonge, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Docta, siye hatuulizake muntu kama eko wa nani. Tunauliza franga," yaani fedha. Akaondoka na kijana wake, nami nikabaki na fomu.

Tangu siku ile nimekuwa nikizungumza naye mara kwa mara, kwa kawaida jioni kabla hajaenda kazini, na baadaye kijana naye akaanza kujiunga nasi. Ninayoandika hapa nimeyapata kwao kwa idhini yao, ila nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike mtu. Kilichonivuta ni kitu ambacho sikukitarajia: yaya ana msimamo wa kikazi kuhusu wateja wake, uliopangika kuliko ule tuliofundishwa shuleni kuhusu wagonjwa wetu, na anaushika hata anapomchukia mteja mwenyewe.

Tuanze na majina, kwa sababu kila jina lina msimamo wake. Mtaani anaitwa ndumba, yaani malaya, na neno hilo hutamkwa kwa dharau au kwa kucheka. Katika miradi ya afya huitwa kwa herufi mbili za Kifaransa, "pe-es" (PS, professionnelle de sexe, mfanyakazi wa ngono), ambazo zimefupishwa kiasi kwamba hazimwumizi mtu wala hazimheshimu. Yeye mwenyewe hatumii lolote kati ya hayo. Husema tu "niko ku kazi". Na mwanamume anayemlipa, awe na umri wa miaka 20 au 60, humwita "papa", yaani baba. Nilimwuliza kama hiyo ni heshima. Akasema ni mlango: ukimwita mtu papa, unamweka mahali pake, naye anajua atasimama wapi. Hataki kujua jina lake halisi, kwa sababu jina humfanya mteja afikiri amepewa kitu ambacho hakukilipia.

Kanuni zake si nyingi. Fedha hutangulia, zinahesabiwa mara moja mbele ya macho ya wote wawili na hazihesabiwi tena. Kondomu ni yake, kamwe si ya mteja, kwa kuwa ya mteja hajui imekaa mfukoni kwa muda gani. Kitasa cha mlango hafungi mpaka ndani. Kabla ya lolote humulika kwa tochi ya simu, akijifanya anatafuta kiberiti, huku akitazama ngozi ya mgeni. Kanuni hii ya mwisho aliiongeza mwaka 2024, baada ya habari za mpox, ugonjwa unaotoa vipele kwenye ngozi, kufika mjini. Aina mpya ya kirusi hicho ilijulikana kuanzia Septemba 2023 huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu Kusini, ambako kilienea kwa kiasi kikubwa kupitia ngono katika mabaa, na mnamo tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Yaya alisikia redioni wakisemwa wanawake wa mabaa. "Na waliokuja kunywa?" aliniuliza. "Wao walitoka wapi, mbinguni?"

Swali hilo amelirudia kwa namna nyingi, nami nimegundua kwamba ndilo swali lenyewe. Mteja hayumo katika maandishi yoyote. Enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi wa migodi walikuwa kwanza wanaume wapweke walioletwa kwa mikataba mifupi, na ni kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo kampuni ya shaba ilipoanza kuwahimiza waje na wake zao na kuishi nao kambini. Wanawake waliojitegemea mijini walipewa jina la "wanawake huru", na katika miji ya koloni serikali iliwatoza kodi wale iliowahesabu kuwa wanaishi peke yao, ikiwachanganya wajane, wachuuzi na wanaouza ngono katika daftari moja. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu waliikataa kodi hiyo waziwazi katika miaka ya 1950, kwa sababu waliona ni kuitwa malaya kwa risiti. Hakukuwa na kodi ya mwanamume aliyebisha hodi kwao. Sheria yetu ya leo imerithi jicho hilohilo, ingawa kwa upole zaidi: sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamwadhibu kuwadi na yeyote anayemtumia mtoto, na mtu mzima anayeuza ngono kwa hiari yake hatajwi kama mkosaji, lakini katika kanuni ya adhabu kipo kifungu cha 176 kinachohusu matendo yaliyo kinyume cha maadili mema, na ni kipana kiasi kwamba mtu aliyesimama kando ya barabara usiku anaweza kuingizwa ndani yake bila taabu. Aliyesimamisha gari huondoka na gari lake.

Yaya hugawa wateja wanaume kwa namna ambayo ilinishangaza, kwa sababu haihusu kabila wala rangi wala utajiri. Wapo wanaolipa na kunyamaza, na hao ndio riziki. Wapo wanaotaka kuitwa mabwana, na hao huwaita hivyo, kwa kuwa neno halimgharimu kitu. Wapo waliokuja kuzungumza: wachimbaji walioponea shimo lilipoporomoka, au madereva wa malori waliokwama siku kadhaa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, wakisubiri karatasi za forodha ili shaba ivuke kwenda Zambia. Alinisimulia kuhusu dereva mmoja Mtanzania aliyebisha mlango kwa kusema, "Samahani dada, naomba kukusumbua," naye akacheka mpaka akakaa chini, maana katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwomba radhi kabla ya kumlipa. (Kiswahili cha Watanzania hutufanya hapa Lubumbashi tujione kama tumetoka shambani, hilo ni jambo la siku nyingine.) Mtu huyo alilia kwa saa nzima kuhusu mwanawe. Yaya alimsikiliza, akampa maji, akamwambia wakati wake umekwisha. Nilimwuliza kama hakumwonea huruma. Alisema alimwonea, lakini huruma ni yake binafsi na saa ni ya kazi, na siku atakapochanganya hivyo viwili atakuwa amepata mume wa bure.

Anayemwogopa si mlevi wala mwenye kelele. Humwogopa yule mwenye adabu kupita kiasi, asiyepunguza bei, na anayesisitiza waende mahali pengine. Alimkataa mmoja wa namna hiyo, na kofi alilopigwa lilimwacha sikio moja likivuma mpaka leo. Hakuripoti popote, angeripoti nini, na kwa nani?

Nilimsomea kuhusu sheria mpya ya Ubelgiji, ambayo ilipitishwa Mei 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, inayowapa wauza ngono walioajiriwa kwa mkataba haki ya kumkataa mteja, kukataa tendo fulani, na kusimamisha tendo wakati wowote bila kufukuzwa kazi, na inayomtaka mwajiri aweke kitufe cha dharura chumbani. Nilimwambia pia kwamba Sweden, tangu mwaka 1999, humwadhibu anayenunua na kumwacha anayeuza, na kwamba Ufaransa ilifuata mwaka 2016. Habari za Sweden hazikumpendeza. Alisema mteja mwenye hofu hukimbilia gizani, nawe inabidi umfuate huko. Habari za Ubelgiji zilimfanya anyamaze kidogo. Kisha akasema: "Babu zao walimtoza bibi yangu kodi. Sasa wajukuu wamejifunza kwamba mwanamke anaweza kukataa." Akauliza kitufe hicho kikibonyezwa anakuja nani, nami sikuwa na jibu linaloweza kufaa Kamalondo.

Kijana, kwa upande wake, ndiye aliyenifungulia mlango wa wateja wanawake, ambao nilikuwa nikiwadhania kuwa hadithi za kwenye vijiwe vya pombe. Wapo. Si wengi kama wanaume, na hawasimami barabarani. Ni wafanyabiashara wenye maduka, wajane wenye nyumba za kupangisha, wake wa watu ambao waume zao wanafanya kazi Kolwezi na kurudi mara mbili kwa mwaka. Hawaulizi bei. Hapo ndipo tofauti yote ilipo, na ndipo kanuni ya yaya ya fedha kutangulia inapovunjika, kwa sababu mwanamke hatoi fedha mezani. Hulipa kodi ya chumba, hununua simu, humalizia karo ya chuo, humsaidia kupata pikipiki ya teksi. "Kwa mwanamume bei inasemwa," kijana aliniambia, "kwa mwanamke bei inakisiwa." Na kitu kisichosemwa hakina mwisho: mwanamume akishalipa huondoka, lakini aliyekulipia chumba cha miezi sita anaweza kubisha hodi usiku wowote wa miezi hiyo sita, na ni vigumu sana kumwambia mtu huyo kwamba leo hutaki, au kwamba leo ni lazima kondomu iwepo. Kondomu humkumbusha mwanamke kwamba ananunua. Yeye anataka kuamini kwamba anapendwa.

Yaya alipinga hilo papo hapo. Alisema wanaume nao wanataka kuamini kwamba wanapendwa, na wanawake wanatofautiana nao kwa kuwa wana subira ya kulipia imani hiyo kwa miezi. Walibishana kwa muda mrefu huku mimi nikikunja bendeji, na nilivyosikia, kila mmoja alimtetea mteja wa mwenzake. Kijana anaona wateja wanaume ni wepesi, kwa kuwa hawataki maneno. Yaya anaona wateja wanawake wangekuwa wepesi, kwa kuwa hawapigi. Wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba mwili wa mwanamume anayeuza hauwezi kuigiza kama wa mwanamke. Yaya anaweza kufanya kazi huku akiwaza bei ya makaa. Kijana hununua vidonge vya kuongeza nguvu kutoka kwa wachuuzi wa dawa, bila kujua kipimo, na nilipomweleza vinavyoweza kuufanyia moyo, hasa vikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo au na pombe kali kama lutuku, aliniuliza kwa upole kama kituo chetu kina vingine vya bure.

Na wateja wanaume wa kijana? Hapa lazima nirudi kwenye swali langu la Jumamosi ile. Sheria ya Kongo haiwataji wanaume wanaolala na wanaume, lakini kifungu kilekile cha 176 na mdomo wa jirani hutosha kumfilisi mtu, kwa hiyo hofu iko pande zote mbili za kitanda: mteja anaogopa kwamba kijana atamtoza fedha za kunyamaza, na kijana anaogopa kwamba mteja amekuja na wenzake nje. Ndiyo maana huzima simu zote mbili na kuziweka juu ya meza moja, skrini zikitazama chini. Lakini jinsia ya mteja haikumwambia mtu yeyote kijana huyu anampenda nani. Ana mchumba, msichana wa Katuba, na anakusanya fedha za mahari. Anauza kwa wanaume kwa sababu wanalipa hapohapo. Mimi, muuguzi mwenye diploma, nilichanganya mtu alivyo na kazi anayoifanya, kosa ambalo sijawahi kumfanyia mshona viatu.

Kitaalamu jinsia ya mteja, peke yake, hainisaidii sana. Kinachonisaidia ni kujua tendo lililofanyika, kwa sababu anayepokea yuko hatarini kuliko anayeingiza, na kwa njia ya nyuma hatari huzidi. Ni kujua kama palitoka damu, na kama mwenzake anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi na zimeshavishusha mpaka visionekane kwenye kipimo, maana hapo hamwambukizi mtu. Hayo yote yanaweza kuulizwa kwa sauti ileile ninayoulizia siku za homa. Nimejizoeza. Mwanzoni nilikuwa nikitazama ukuta wakati wa kuuliza, mpaka yaya akaniambia kwamba mtu anayetazama ukuta anaonekana vibaya kuliko mtu anayekunja uso.

Halafu ikaja Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na huku jimboni kwetu Haut-Katanga, ambako sehemu kubwa ya huduma za ukimwi ilikuwa ikiendeshwa kwa fedha zao, waelimishaji rika waliokuwa wakizunguka usiku na mikoba ya kondomu walibaki nyumbani. Mwezi uliofuata likaja agizo kwamba dawa za PrEP, zile za kujikinga kabla ya hatari, kwa fedha hizo zitolewe kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Yaya amepita umri wa kuzaa, na kijana hatauona kamwe. Nilipowaeleza, yaya aliuliza kama waliotoa agizo hilo wanajua nani hulala na nani katika mji huu, kisha akafungua mkoba wake, akatoa kondomu sita, akampa kijana tatu. Zilikuwa za kununua.

Mwezi uliopita kijana alirudi kwangu, safari hii peke yake, saa za asubuhi kama mara ya kwanza. Kipimo chake cha miezi mitatu baada ya zile dawa kilikuwa salama, na alikuwa ameshanenepa kidogo. Nikamwonyesha kiti, nikaandika tarehe, nikamwuliza nini kimetokea na lini, nikiwa namtazama. Alisema hakuna kilichopasuka. Hakukuwa na kondomu kabisa, kwa sababu mteja alikuwa mama mmoja mwenye duka, ambaye alikuwa amemlipia chumba mpaka Desemba, na hakujua aanzie wapi kumwambia. Nikashika fomu, nikatafuta mahali pa kuliandika hilo. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake.